Namna ya kupima eafoni za bei nafuu: anza na sikio, sauti baadaye

Kwa dola 20 leo, kama Sh 50,000 za Tanzania kabla hujalipia usafiri, unapata eafoni za waya ambazo zamani sauti yake ungeilipia mara kadhaa ya hapo. Mwaka 2022 zilitoka Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero, zote kwa bei ya kuzunguka hapo, na tangu wakati huo viwanda vya China vinabanana kwenye bei hiyohiyo. Kwa hiyo swali la "zina sauti nzuri?" limepungua uzito. Swali kubwa ni kama zitaziba sikio lako wewe. Eafoni isiyoziba haina besi, haizuii kelele, na lolote utakalosema kuhusu sauti yake utakuwa umeisingizia.

Wengi hufanya kinyume. Wanazichomeka haraka haraka, wanasikiliza nusu dakika, wanatoa hukumu, halafu ndiyo wanagundua baada ya wiki kwamba sikio la kushoto linauma. Mwongozo huu unaenda na mpangilio mwingine: chombo cha kupimia, kuvaa, starehe, kisha sauti.

Tuelewane majina kwanza. Kichwa ni ile sehemu inayokaa kwenye bakuli la sikio. Mdomo ni kijibomba kinachoelekea tunduni. Mipira ni vile vizibo laini vinavyovalishwa mdomoni. Na nikisema eafoni hapa nasema zile ambazo waya wake unapita juu ya sikio, ambazo wanamuziki huziita monita za masikioni. Umbo hilo lilitoka jukwaani: mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi mitambo wa bendi ya Van Halen, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen za kwake, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears. Zetu za bei nafuu ni wajukuu wa zile.

Hatua ya 1: Hakikisha simu haiharibu kesi

Simu nyingi mpya hazina tundu la jeki, kwa hiyo utatumia adapta ya USB-C, na hapa ndipo eafoni nyingi huonewa. Adapta ziko za aina mbili. Moja ni waya mtupu, inategemea simu itoe sauti iliyo tayari. Nyingine ina chipu yake ndani inayogeuza data kuwa sauti. Simu za juu za Samsung kuanzia Galaxy Note 10 ya mwaka 2019 hazifanyi kazi na ile ya waya mtupu, unachomeka, kimya. Adapta ndogo ya Apple ya USB-C inasifiwa sana kwa usafi wa sauti, ila kwenye baadhi ya simu za Android hutoa sauti ndogo hata ukipandisha mpaka mwisho. Ukiona sauti ni hafifu, jaribu eafoni hizohizo kwenye kompyuta au simu nyingine kabla hujazilaumu.

Ingia kwenye mipangilio ya simu uzime ekwalaiza (kile cha kupandisha na kushusha besi na sauti za juu), Dolby Atmos na kila kitu kinachojiita "boost". Angalia pia sehemu ya ufikivu: kuna kitelezi cha kugawa sauti kushoto na kulia, na kuna swichi ya mono, yaani sauti ileile pande zote mbili. Kitelezi kikiwa kimesogezwa kidogo tu, utaapa kwamba upande mmoja wa eafoni ni mbovu.

Kisha nyimbo. Wimbo uliokwisha kupitishwa kwenye magrupu ya WhatsApp, ukashushwa na kupandishwa tena, matoazi yake husikika kama maji yanayomwagika, na hakuna eafoni itakayourekebisha. Tumia faili safi, au kama una Spotify ya kulipia weka ubora wa juu, kbps 320 au zaidi. Usitafute nyimbo za "kupimia" za wazungu usizozijua. Chukua unazozijua mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi. Mkoba wangu ni huu: mazungumzo ya mtu mmoja, kama mtangazaji wa redio au podikasti, taarabu ya zamani yenye fidla, kanuni, udi na besi kubwa ya kusimama, dansi au rumba ya magitaa, kwaya yenye sauti nne, na singeli moja, maana kwa ile kasi yake hakuna besi legevu inayoweza kujificha.

Hatua ya 2: Vaa, halafu vaa tena vizuri

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo mambo mengi yanapoamuliwa.

Tazama kwanza mdomo. Eafoni nyingi za China za bei hii zina mdomo wa unene wa milimita 5.5 hadi 6 na kitu. Shure, kwa mfano, hutumia mdomo mwembamba karibu nusu ya huo, ndiyo maana mipira yao haiingiliani na ya wengine. Kama tundu lako ni dogo, na wanawake wengi na vijana wadogo wako hivyo, mdomo mnene utakusumbua hata ukivalisha mpira mdogo kuliko yote. Hilo haliponi kwa kuzoea.

Kwenye boksi utakuta mipira ya S, M na L. Ile iliyovalishwa kiwandani kwa kawaida ni M, na wengi hawaibadilishi maisha yao yote. Jaribu zote tatu, kila sikio peke yake. Si ajabu kushoto ukavaa M na kulia L. Masikio ya mtu mmoja hayalingani.

Kuvaa kwenyewe: kichwa chenye alama ya L kushoto, R kulia, na kama kuna rangi, nyekundu ni kulia. Waya uelekee mbele na juu, kisha uzungushwe nyuma ya sikio. Mkono wa upande wa pili upitishe juu ya kichwa chako, shika sehemu ya juu ya sikio ulivute juu na nyuma. Tundu linanyooka. Sukuma eafoni ndani huku ukiizungusha kidogo kwenda nyuma, achia sikio, lirudi likumbatie mpira. Usisukume kwa nguvu ya kidole gumba kama unaziba chupa. Ukisikia "tik tik" ndani wakati wa kusukuma, ni kiwambo cha ndani ya eafoni kinachobanwa na hewa. Mara nyingi hakina madhara, ila ukiisikia kila unapotafuna, mpira huo hukufai.

Sasa thibitisha kama imeziba. Kuna njia tatu na hazikugharimu kitu.

Ya kwanza: cheza wimbo wenye besi ya chini, au mlio mzito wa Hz 40 (mitetemo 40 kwa sekunde) kutoka programu yoyote ya kutoa milio, kwa sauti ndogo. Bonyeza eafoni ndani taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka ulipobonyeza, ilikuwa inavuja. Isipobadilika, imeziba.

Ya pili: zima muziki, guna "mmmmm" mdomo umefungwa. Sauti yako ijae katikati ya kichwa. Ikielemea upande mmoja, upande ule ndio umeziba na mwingine unavuja. Watu wengi hudhani ni kinyume chake.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika: fungua mdomo. Taya likishuka, ukuta wa mbele wa tundu la sikio husogea na tundu hubadilika umbo. Kwa hiyo sema, cheka, piga miayo, tafuna kipande cha muhogo. Kama unaimba kwaya, imba "aaa" mdomo wazi kabisa kama unavyoimba Jumapili. Eafoni inayoziba ukiwa umenyamaza na kuachia ukiimba haikufai jukwaani, hata kama sebuleni ilikuwa tamu.

Mipira ya boksini ikishindwa yote, usitupe eafoni bado. Nunua mipira mingine. Ya sponji hubanwa kwa vidole ikawa nyembamba, inaingizwa, halafu unaishikilia karibu nusu dakika mpaka ifure. Inaziba kuliko silikoni na haitelezi kirahisi, ila hupunguza kidogo ukali wa sauti za juu, na kwa jasho la Dar au Mombasa huchoka ndani ya miezi michache. Ya silikoni yenye tundu pana huacha sauti za juu zipite wazi. Yenye tundu jembamba huelemea besi. Unaona basi: mpira wa shilingi elfu chache unaweza kubadilisha sauti kuliko tofauti iliyopo kati ya eafoni mbili unazozihangaikia.

Neno la usafi kwa wanaojaribia dukani. Nenda na mipira yako mwenyewe mfukoni na kitambaa chenye spiriti. Vua yao, futa mdomo, valisha yako. Muuzaji akikataa, ondoka.

Hatua ya 3: Ipe saa nzima

Dakika tano za kwanza eafoni zote ni nzuri. Maumivu ya sikio huja polepole, kwa kawaida baada ya nusu saa kwenda juu, na huja mahali mahususi. Ukizivua, pitisha kidole ukatafute palipouma, maana mahali ndipo panapokwambia tiba.

Maumivu yakiwa ndani ya tundu, mpira ni mkubwa au mgumu. Shuka saizi moja. Yakiwa kwenye kikunjo cha nje, pale ukingo wa kichwa cha eafoni unapoegemea, umbo la kichwa limekataana na sikio lako, na hapo mpira hausaidii sana. Unaweza kujaribu mpira mrefu zaidi ili kichwa kisogee nje kidogo; ikishindikana, mpe ndugu yako. Ukihisi masikio yamejaa kama uko kwenye ndege, hewa imefungiwa ndani: toa, vaa upya taratibu, na angalia kama kile kitundu kidogo kwenye kichwa hakijazibwa na sikio. Kitundu hicho kipo kwa kazi. Kikizibwa, hata besi hubadilika.

Pima katika hali zako za kweli. Mwenye miwani avae miwani kwanza, kisha waya upite juu ya mkono wa miwani, siyo chini yake. Mwenye hijabu azijaribu akiwa amevaa hijabu, siyo kichwa wazi mbele ya kioo, kwa sababu kitambaa husukuma kichwa cha eafoni ndani na kichwa kikubwa kinachochomoza kitaanza kuuma mapema. Pia waya ukibanwa na kitambaa huvuta kila unapogeuza shingo. Anayelala na muziki aweke shavu kwenye mto. Anayekimbia aruke ruke: waya ukigonga nguo utasikia "du du du" kichwani, na hiyo hupungua ukiupitisha waya nyuma ya shingo au ukivuta juu kile kishikizo chake.

Hatua zako mwenyewe na sauti yako vitasikika vimejaa ndani ya kichwa. Huo si ubovu wa eafoni. Ni kawaida tundu likizibwa, na mwimbaji anayezivaa kwa mara ya kwanza anahitaji mazoezi kadhaa kabla hajaacha kuimba kwa kunong'ona.

Hatua ya 4: Sawazisha sauti kabla ya kulinganisha

"Kaka, hii besi yake balaa, sikiliza mwenyewe," muuzaji wa mtaa wa Aggrey pale Kariakoo anakwambia, tayari ameshapandisha sauti mpaka mwisho.

"Nashukuru kaka, ila naomba nishushe, nina wimbo wangu."

Jibu hilo litakuokolea pesa. Sikio la binadamu hupenda chenye sauti kubwa zaidi. Eafoni mbili zikiwa sawa kabisa, ile iliyopandishwa kidogo tu itaonekana ina besi zaidi, ina uwazi zaidi, ina kila kitu zaidi. Tena eafoni hazina mwitikio sawa: kwenye alama ileile ya simu, moja inapiga kelele na nyingine inanong'ona. Kwa hiyo ukilinganisha mbili, usitumie idadi ya vijistari kwenye simu. Tumia sauti ya mwimbaji kama nanga. Cheza kipande kilekile cha sekunde kumi, rekebisha mpaka mwimbaji awe na ukubwa uleule kwenye zote mbili, ndipo uanze kulinganisha besi na matoazi.

Sikiliza kwa kiwango utakachotumia kila siku. Kwa sauti ndogo sikio husikia besi hafifu kuliko ilivyo, kwa hiyo eafoni iliyokuwa nyembamba usiku chumbani inaweza kuwa sawia mchana, na ile tamu ya usiku ikawa mzigo wa besi ukiongeza.

Hatua ya 5: Sikiliza kwa mpangilio huu

Anza na mazungumzo, bila muziki wowote. Sauti ya mtu anayeongea tunaijua tangu tumboni mwa mama, na eafoni haiwezi kutudanganya hapo. Sauti ya mwanaume ikitokea kama yuko ndani ya pipa, kuna uvimbe kwenye Hz 150 hadi 300. Ikitokea puani au kama ya simu ya mezani, kuna kilima katikati. Ikiwa mbali, kama anaongea nyuma ya pazia, eneo la Hz 2,000 hadi 4,000 limezama. Eneo hilo si la kuchezea. Tundu la sikio likiwa wazi lenyewe hukuza sauti karibu na Hz 3,000. Ukiliziba kwa eafoni, mkuzo huo unaharibika, na ni kazi ya mtengenezaji kuurudisha. Utafiti wa Sean Olive na wenzake huko Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, kuhusu upendeleo wa wasikilizaji ulionyesha wengi wanapenda eafoni iliyorudisha mkuzo huo na kuongezewa besi kiasi. Viwanda vingi vya bei nafuu sasa vinafuata mwelekeo wa utafiti ule, na hiyo ni sehemu kubwa ya sababu ya bei ndogo kutoa sauti nzuri.

Sikiliza "s" na "sh". Maneno kama sasa, basi, sisi, kushoto yapite bila kuchoma. Yakichoma, jaribu kusogeza eafoni ndani au nje kidogo kabla ya kuhukumu: kilele kilicho karibu na Hz 8,000 huhama kulingana na kina cha mdomo tunduni. Kikiendelea kuchoma popote utakapoiweka, hicho ni chake.

Ndipo besi. Watu husema "besi kali" kwa vitu viwili tofauti. Kuna besi ya chini kabisa, Hz 20 hadi 60, unayoihisi kuliko kuisikia. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi uko Hz 41. Halafu kuna besi ya juu, Hz 100 hadi 250, ndiyo inayojaza redio za daladala na kuzamisha kila kitu kingine. Eafoni nyingi feki zina ya pili tele na ya kwanza hazina. Weka singeli: kila pigo la ngoma liwe na mwanzo na mwisho. Mapigo yakiungana yakawa ngurumo moja, besi ni legevu. Kisha weka taarabu, ufuate besi ya kusimama noti kwa noti. Kama unasikia tu kwamba "kuna besi" ila huwezi kuuguna mstari wake, kuna tatizo.

Katikati na utenganifu nauachia magitaa. Kwenye dansi kuna gitaa la solo, la rizimu na la besi, na kwenye rumba ya Kongo huongezwa mi-solo, gitaa linalokaa kati ya solo na rizimu. Mfuate mpiga rizimu tangu mwanzo wa wimbo. Solo likiingia kwa nguvu, je, bado unamsikia? Eafoni nzuri inakuacha uendelee naye hadi kwenye sebene, mbovu inammeza. Kwaya nayo ina mtihani wake: jaribu kuifuata sauti ya alto, ambayo hakuna anayeisikiliza. Fidla na kanuni zitakuonyesha ukali. Ikiwa baada ya nyimbo tatu mkono wako unashusha sauti wenyewe bila kuuambia, eafoni hiyo ni kali, hata kama kichwani umeshaamua kuipenda.

Mwisho wa hatua hii, pima usawa wa pande mbili. Weka mazungumzo ya mono. Msemaji awe katikati ya paji la uso. Akielemea kushoto, geuza: kichwa cha kushoto kiende sikio la kulia na cha kulia kushoto, hata kama kitakaa ovyo. Mwelemeo ukihama kulia, kosa ni la eafoni au la simu. Ukibaki kushoto, ni sikio au nta. Cheza pia mlio unaopanda taratibu kutoka Hz 20 kwenda juu, kwa sauti ndogo sana. Mlio ukipotea usipandishe sauti kuutafuta, maana ukirudi utarudi ukiwa mkubwa kuliko ulivyotaka. Unachotafuta ni mahali mlio unaporuka ghafla, unapokwaruza, au unaposogea upande mmoja.

Mambo ya kupuuza: idadi ya vispika vya ndani, vibandiko vya "Hi-Res", na ushauri wa "iache ipige masaa 100 itafunguka". KZ ZS10 Pro ina vispika vitano kila upande. Salnotes Zero ina kimoja, na wapo wengi, nami nimo, wanaoichagua yenye kimoja. Kuhusu kufunguka, kinachofunguka zaidi ni mazoea yako.

Hatua ya 6: Toka nje

Panda daladala au matatu. Kama chumbani unasikiliza simu ikiwa asilimia 40 na garini unajikuta asilimia 75, eafoni hazizuii kelele vya kutosha, rudi hatua ya 2. Hili ni la afya, siyo la starehe tu. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na kwenye desibeli 90 muda unashuka hadi saa 4 tu. Kuziba vizuri ndiyo kinga ya bei rahisi kuliko zote. Ila ukishuka kituoni, vua walau upande mmoja. Bodaboda hapigi honi mara mbili.

Kwa wanaozitaka kwa ajili ya bendi au ibada, mawili ya nyongeza. Usijaribu kutumia Bluetooth kwa kujisikiliza jukwaani: mara nyingi sauti huchelewa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na mwimbaji atakuwa nyuma ya ngoma wimbo mzima. Waya kutoka miksa kupitia kipaza kidogo cha kiunoni, kama Behringer P1 au P2, ni wa gharama ndogo na hauchelewi. Na kataeni ile tabia ya kuvaa sikio moja. Sikio lililo wazi linapata kelele za jukwaa, lililozibwa linaongezewa sauti kushindana nazo, na ndilo linaloumia. Mwimbaji akilalamika kwamba hasikii watu, fundi mitambo amwekee maiki ya ukumbini kidogo kwenye monita yake.

Hatua ya 7: Amua, ukijua kipi kinarekebishika

Mipira inabadilishwa. Waya, ukiwa wa kuchomoa, unabadilishwa. Pini mbili za milimita 0.78 ndizo zilizozoeleka, na Chu II zinazo wakati Chu za kwanza waya ulikuwa umeungwa moja kwa moja, jambo ambalo kwa mtu wa kupanda magari kila siku lingenitosha kuziacha. Besi iliyozidi au ukali wa wastani unapunguzwa kwa ekwalaiza. Kwenye Android programu ya Wavelet ina marekebisho tayari ya eafoni nyingi. Punguza palipozidi badala ya kuongeza palipopungua, la sivyo sauti itaanza kukwaruza.

Visivyorekebishika ni vitatu: umbo la kichwa linalouma, mdomo mnene kwa tundu dogo, na pande mbili zisizolingana. Ukikuta kimojawapo, rudisha ndani ya siku ulizopewa, hata kama sauti imekukosha. Ukinunua mtandaoni, soma sharti la kurudisha kabla hujafungua mipira, maana wapo wauzaji wanaokataa eafoni zilizokwisha kuvaliwa, na uulize ni nani analipa nauli ya kuirudisha.

Ukiamua kubaki nazo, osha mipira kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikauke kabisa kabla ya kuivalisha. Wavu wa mdomoni usafishwe kwa brashi kavu, mdomo ukiwa umeelekea chini ili nta idondoke nje, isirudi ndani. Siku upande mmoja utakapopungua sauti ghafla, angalia wavu huo kwanza kabla hujampelekea fundi.